Jicho la Ushuhuda

Nabii Rogers aliweka kidole gumba juu ya jicho la Filomena, akakandamiza kama ilivyo kawaida yake, na kitu kikateleza ndani.

Hakikuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Alipofumbua jicho, Biblia ilikuwa mbili, mistari imepandana, na ukingo mweusi mwembamba umekatiza ukurasa kama mdomo wa sahani. Maiki ilikuwa imeshafika kidevuni. Kanisa zima lilikaa kimya likimsubiri asome, kama alivyosoma kila Jumapili tangu mwaka jana. Filomena akalaza shingo kushoto, herufi zikarudi nusunusu, akasoma. Katikati neno moja likampotea, akalimeza, akaendelea mpaka mwisho. Watu wakalipuka: "Pokeaaa! Pokea, mama!"

Mwanawe Sebastian, aliyesimama nyuma yake ndani ya suti ya rangi ya damu ya mzee, alimshika kiwiko kumteremsha jukwaani.

"Mbona ulikunja shingo vile, mama?" alimnong'oneza.

"Jicho, mwanangu. Kuna kitu kimeteleza."

"Cheka. Watu wanarekodi."

Filomena akacheka.

Haya, tuseme mambo kama yalivyo, maana ukizungushazungusha ndipo watu wanapopata pa kujifichia. Filomena alikuwa na jicho moja tu. La kulia liliondoka na surua akiwa mtoto huko kwao Ndanda. La kushoto liliingiwa na mtoto wa jicho ukubwani, likafifia taratibu mpaka akawa anauza korosho kwa kupapasa noti. Aliyemkokota hospitali ni Bi Mwanaasha, mama mwenye nyumba wao pale Mtoni, mwanamke wa Kizaramo asiyejua kuongea chini chini. Madaktari wakautoa ule ukungu, wakamwekea lenzi ya bandia, kitu cha plastiki kidogo kuliko kifungo cha shati. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza Filomena alichoona ni ukucha wa nesi uliobanduka rangi. Alicheka mpaka akalia.

Sasa sikia kosa lake. Mtu aliyelelewa na masista wa misheni hafungui mdomo kushukuru bila kumtanguliza Mungu. Ndivyo alivyofunzwa, Mungu kwanza, binadamu baadaye. Sebastian alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kuendesha gari la Nabii katika Huduma ya Kidole cha Mbinguni, akamwomba mama yake aje kutoa shukrani. Nabii akamwekea kidole jichoni, akampa Biblia asome, akasoma, kisha akaulizwa: "Nani amekufungua, mama?" Filomena akasema, "Namshukuru Mungu aliyenifungua jicho. Na pili, namshukuru..." Hiyo pili haikufika. Maiki ilikuwa imeshaondoka, vinanda vimeshapigwa, na Nabii mwenyewe anacheza.

Alijisemea atalisema Jumapili inayofuata. Jumapili inayofuata akakuta sura yake kwenye bango kubwa barabarani, na maandishi: ALIKUWA KIPOFU. Ile iliyofuata, Sebastian alipandishwa akawa mkuu wa itifaki, na kodi ya vyumba vyao viwili ikaanza kulipwa na kanisa. Ukweli nao una msimu wake kama korosho. Ukiuacha chini mpaka mvua iunyeshee, hakuna wa kuununua. Na tangu hapo kila Jumapili Nabii akawa anaukumbushia muujiza kwa kidole kilekile, palepale.

*

"Mama Seba! Hizi unauza korosho au mkaa?"

Bi Mwanaasha aliinua kifuko kimoja, akakitikisa. Filomena alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, karai mbele yake, shingo imelala begani. Asubuhi ile wateja wawili walikuwa wamerudisha korosho zilizoungua, na mmoja alimtupia mapajani bila hata salamu.

"Moto ulinizidi," Filomena alisema.

"Moto umekuzidi wewe uliyezaliwa kwenye mikorosho? Hebu nitazame. Nitazame mie, si huo mlango. Yarabi! Unanitazama kwa sikio!"

"Polepole, Bi Mwanaasha. Mkwe wangu Jesca yupo ndani."

"Na asikie! Mie ndiye niliyelala kwenye benchi nje ya wodi, mbu wakinila, nikikusubiri. Leo bango linasema kidole. Kidole gani? Mie sikuona kidole, niliona daktari. Mtu anakukanda jicho kila wiki kama unga wa chapati, halafu wewe unakaa kimya, unaita ibada."

"Ni kijana wangu, Bi Mwanaasha. Anakula pale."

"Na wewe je, unaliwa pale?"

Filomena alichukua korosho moja, akaisogeza jichoni, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia. Hakujua kama imeungua au kama ni kivuli. Akaanza kulia kwa hilo jicho moja, na machozi yalipojaa, ule ukingo mweusi ukacheza.

"Vaa viatu," Bi Mwanaasha alisema. "Nafunga duka langu, twende hospitali."

*

Daktari wa macho aliitwa Tusajigwe, binti mwembamba aliyemwamkia Filomena shikamoo kwanza ndipo akawasha mashine yake. Alimpima kwa muda mrefu. Alimwambia atazame juu, chini, sikio la kulia, sikio la kushoto, mpaka Bi Mwanaasha akaanza kuvuta uradi pembeni.

"Mama, nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga."

"Umeanguka? Umegongwa na kitu?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi jicho hili limekandamizwa, na si mara moja."

Bi Mwanaasha alikohoa. "Utasema, au niseme mie?"

Filomena alitazama mikono yake. Ilikuwa minne. "Naombewa," alisema.

"Wanaokuombea wanaweka mkono wapi?"

"Ni mmoja tu. Anaweka kidole. Hapa."

Daktari alikuwa na jibu kali mdomoni, ilionekana wazi, akalirudisha kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa mtu wa umri wa mama yake.

"Ile lenzi tuliyokuwekea imeachia upande mmoja," alisema. "Imebaki inaning'inia kama mlango wenye bawaba moja. Ndiyo maana unaona viwili viwili, na ukilaza shingo unaona kidogo. Tunaweza kuitoa tukakuwekea nyingine, tukaishona ikae. Lakini ikidondoka nyuma ya jicho, hapo ni habari nyingine kabisa. Na wewe, mama, huna jicho la akiba."

"Nikiwekewa nyingine nitaona kama mwanzo?"

"Ukiwahi, naamini utaona. Njoo Jumatatu tukulaze, na uje na ndugu wa kukusimamia na kushughulikia malipo. Na kuanzia leo, mama yangu, mtu yeyote asiliguse hili jicho. Hata kwa upendo."

"Umesikia?" Bi Mwanaasha alimuuliza walipotoka. "Hata kwa upendo."

"Nimesikia."

"Sasa kamwambie mwanao kama ulivyoambiwa. Usimpake asali."

*

Sebastian alikuwa ameketi kwenye kochi, tai imelegea, anakula ugali na samaki wa nazi. Mkewe Jesca alikaa kwenye mkeka. Filomena alieleza yote, akamaliza na Jumatatu. Sebastian aliendelea kutafuna, akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Jumapili ni kongamano, mama."

"Najua. Mie nasema Jumatatu."

"Wanakuja wageni wa Zambia, wanakuja wa Kongo. Unajua wanakuja kumwona nani? Wanakuja kukuona wewe. Bango zima ni wewe. Sasa Jumatatu mtu akikukuta hospitali, kwenye foleni ya macho, umeshika kadi?"

"Na nikipofuka, mtu hatanikuta?"

Jesca aliinama kukusanya makombo yasiyokuwepo.

"Mama, tatizo ni imani," Sebastian alisema. "Ukishaanza kusema lenzi, lenzi..."

"Sebastian, nisikilize. Hicho chuma kilicho pajani mwako, ulipogongwa na ile bodaboda yako, kiliwekwa na kidole cha nani?"

Kumbe ile suti ilikuwa bado na mtu ndani yake, maana Sebastian alijishika paja bila kujua.

"Unataka nirudi kwenye boda?" aliuliza, sauti imeshuka. "Na mguu huu? Mama, unakumbuka tulivyokuwa tunaishi. Unakumbuka Jesca alivyofukuzwa kwenye msiba kwa sababu hatukutoa mchango, akaambiwa sahani ni za wachangiaji. Leo watu wananiita mtumishi. Mama mwenye nyumba mwenyewe hapa ananipisha mlangoni."

"Hakupishi. Anakukwepa."

"Mama!" Jesca alisema.

Kisha Sebastian akashuka kwenye kochi, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. Alikuwa na mikono laini siku hizi.

"Jumapili tu, mama. Mara moja, ya mwisho. Utasoma, utashuka, basi. Jumatatu asubuhi nakupeleka mwenyewe, kwa gari la Nabii, na malipo yote mie. Hilo kongamano likipita nitakuwa na pesa."

"Na kidole?"

"Nitaongea na Baba. Hatakugusa."

Huyo Baba anayesemwa alikuwa rika moja na kitindamimba wa Filomena, na Filomena naye alitakiwa kumwita Baba.

"Apa."

"Mama, sie tumeokoka, hatuapi."

"Apa, Sebastian."

"Haki ya Mungu."

Filomena akaamini. Utasema ni mjinga. Lakini wewe mwanao akikupigia magoti akakuangalia kwa macho yale aliyokuangalia nayo akinyonya, utafanya nini? Wapo mama wasioamini, ila hao wamekwisha kufunzwa na ulimwengu, na Filomena ulimwengu ulikuwa bado unamfunza.

*

Kusoma alikuwa hawezi tena, hilo walilijua wote watatu, basi ikabidi afundishwe kujifanya. Kazi hiyo alipewa Jesca. Wiki nzima, korosho zikiwa zimewekwa kando, walifunga mlango na kukaririshana Zaburi. Jesca alimfungulia Biblia, akamwekea kidole mwanzo wa mstari.

"Hapa unatulia kidogo, mama, kama mtu anayetafuta. Halafu unatabasamu. Halafu unaanza."

"Kwa nini nitabasamu?"

"Kwa sababu umeona."

Alipokosea, Jesca alimrudisha mwanzo. Alipoharakisha, Jesca alimpiga kofi dogo la mkono, kama anavyopigwa mtoto wa chekechea anayeshika kalamu vibaya. Filomena, aliyewahi kuwafundisha katekisimu watoto wa parokia nzima, alirudia kama kasuku. Siku ya tatu aliutupa ule mkono.

"Usinipige, Jesca! Mie si mwanao."

Jesca alijikunyata. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mama, mie sina kwetu pa kurudi. Wewe unalijua hilo. Tafadhali, tuanze tena pale mwanzo."

Wakaanza tena. Bi Mwanaasha alipita dirishani, akasikia, akasonya msonyo mrefu uliofika mtaa wa pili.

*

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Filomena alivishwa gauni jeupe lililonunuliwa na kanisa, akapakwa poda, akapandishwa jukwaani huku kipaza sauti kikimtangaza kama mcheza ngumi. Kwake yeye watu walikuwa rangi zinazotikisika. Alishika Biblia, akatulia kama mtu anayetafuta, akatabasamu, akaanza. Hakukosea hata neno. Kidole chake kilitembea chini ya mistari asiyoiona, na kelele zilipopanda alimsikia Sebastian nyuma yake akishusha pumzi.

Ingeishia hapo. Lakini mgeni mmoja mnene kutoka Lubumbashi, mchungaji wa watu, aliyejawa na furaha kabisa na asiye na ubaya wowote, alisimama, akaomba maiki.

"Nabii, mimi nimebeba Biblia yangu tangu nyumbani. Naomba mama asome ya kwangu pia, ukurasa wowote, niwapelekee watu wangu habari hii. Mimi mwenyewe mtoto wangu haoni."

Kamera zilimgeukia Nabii. Angekataaje? Akacheka, akasema, "Apewe! Apewe!" Kitabu kikaletwa, kikafunguliwa popote, kikawekwa mikononi mwa Filomena.

Alilaza shingo kushoto. Hakuna. Akailaza kulia. Ukurasa ulikuwa ukungu mweupe wenye vumbi. Akaendelea kuilaza na kuiinua shingo mpaka mtu mmoja mbele akacheka, akanyamazishwa. Filomena alijua angeweza kuanza tena ile Zaburi, pengine mgeni asingejua. Lakini alimfikiria yule mtoto wa Lubumbashi anayesubiri kuletewa habari, na mdomo ukamfunguka wenyewe.

"Sioni," alisema. Maiki ilikuwa wazi, ikasikika mpaka ukutani. "Baba mgeni, usimlete mtoto wako hapa. Mpeleke hospitali. Mie jicho hili nilipasuliwa na daktari, nikawekewa lenzi. Nilitaka kusema tangu siku ile ya kwanza, sikuwahi. Sasa lenzi imehama, na kesho nakwenda kuwekewa nyingine. Nisameheni, jamani. Nawaomba mnisamehe."

Uwanjani ikasikika jenereta tu. Filomena alihisi wepesi, kama mtu aliyetua kuni, na kwa muda mfupi alifikiri kwamba imekwisha.

Nabii Rogers alicheka taratibu. Tuseme lolote juu yake, lakini mjinga hakuwa.

"Mmeisikia hiyo sauti?" aliwauliza watu. "Mimi nimemjua mama huyu. Hiyo ni sauti ya mama yetu?"

"Siooo!"

"Nani anasema mtoto asiletwe kwa Bwana? Nani anataka kumnyang'anya mama macho yake leo, mbele ya mataifa?"

"Shindwaaa!"

"Sebastian, mwanangu. Njoo umshike mama kichwa."

Filomena alisikia viatu vya ngozi vikija. Alisubiri visimame. Vilikuja, mguu mmoja mzito kidogo kuliko mwingine, na ile mikono laini ikambana kichwa pande zote mbili kutoka nyuma.

"Sebastian," alisema chini chini. "Uliapa."

"Tulia, mama. Itaisha sasa hivi."

"Mwanangu, daktari alisema..."

"Tulia tu, mama."

Kidole kikashuka, kimelowa mafuta ya upako. Safari hii hakikuwa kidole cha kukumbushia muujiza, kilikuwa cha mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni. Watu walikuwa wanapiga kelele kwa lugha mbalimbali. Filomena alijaribu kurudisha kichwa nyuma, kikagonga kifua cha mwanawe.

"Mama, unaona?"

"Sioni! Unaniumiza, sioni!"

Kikazama zaidi. Rangi nyekundu zikapasuka ndani ya kichwa.

"Mama, unaona?"

"Sioni! Yesu na Maria, niacheni!"

Kikazama tena, na hapo akahisi kile kitu kikiachia. Kilikwenda nyuma polepole, na nyuma yake likashuka giza kutoka juu. Alielewa sasa mchezo ulivyo. Kidole hakitatoka kwa ukweli, na kila akisema kweli kinashuka. Mikono ya mwanawe haikulegea.

"Unaona?"

"Naona!" Filomena alipiga kelele. "Naona! Naona, Baba! Naona!"

Kidole kikatoka. Uwanja ukapasuka kwa shangwe, na yule mgeni wa Lubumbashi, maskini, akaanguka kifudifudi akilia kwa furaha.

*

Jumatatu simu ya Sebastian haikupatikana. Gari la Nabii lilikuwa limepeleka wageni uwanja wa ndege. Bi Mwanaasha alimpandisha Filomena kwenye bajaji, akamfunga khanga kichwani kuficha jicho lililovimba kama andazi, na njia nzima hakusema neno. Hapo ndipo Filomena alipojua kuwa hali ni mbaya.

"Niambie ukiona tochi," Dokta Tusajigwe alisema.

Filomena alisubiri.

"Umeiwasha?" aliuliza.

"Imewaka, mama. Tangu mwanzo."

Bi Mwanaasha alitoka nje. Walimsikia kule kwenye korido akimtukana mtu asiyekuwepo, matusi ya Kizaramo, moja baada ya jingine.

Daktari alimshika Filomena mkono. Alimweleza bila kuficha. Lenzi imedondoka nyuma, damu imejaa ndani ya jicho, na utando wa nyuma unaopokea picha umechanika na kubanduka. Sasa si suala la kubadilisha lenzi tu. Ni upasuaji mkubwa wa mabingwa, ghali kuliko ule wa kwanza mara kadhaa.

"Uwezekano upo?"

"Ni mdogo, mama. Lakini upo, kama utafanyiwa wiki hii. Wiki hii, si ijayo."

"Mwanangu atalipa," Filomena alisema. "Aliniahidi."

*

Sebastian alirudi nyumbani siku ya pili yake, mchana, amebeba mchele, mafuta ya kupikia na doti mbili za khanga kutoka kwa Nabii. Alipiga hodi kwa furaha. Jesca alikuwa sakafuni anakunja nguo, na Filomena yu kitandani, amegeukia sauti.

"Shikamoo, mama! Baba amefurahi, hujui tu! Ile video inasambaa dunia nzima. Ijumaa tunaondoka, Morogoro, Dodoma, mpaka Singida. Wewe kiti cha mbele. Umetengewa na hoteli!"

"Marahaba. Sebastian, kaa hapa."

Alikaa. Filomena akampapasa mpaka akapata goti lake, akamweleza alivyoambiwa na daktari, neno kwa neno, tochi na yote. Akamwambia wiki hii, si ijayo. Hakumlaumu. Alikuwa amejizuia tangu jana asimlaumu, maana alihitaji msaada wake.

Sauti ya Sebastian ilikuwa ya upole, kama sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Upasuaji wa nini, mama?"

"Wa jicho, Sebastian."

"Jicho si umesema unaona?"

Filomena alidhani hakusikia vizuri.

"Mbele ya watu wote, mama. Hukusema mara moja. Ulisema unaona, unaona, unaona. Imerekodiwa. Mie mwenyewe nilikuwa nimekushika."

"Nilisema ili atoe kidole!"

"Jumapili hiyo hiyo ulisema huoni, dakika mbili baadaye ukasema unaona. Sasa mie nitajuaje lini unasema kweli?"

"Sebastian." Alimshika shati, akamvuta karibu na uso wake. "Nitazame. Nitazame, mwanangu, nitazame hili jicho, halafu useme tena."

Sebastian aligeuza uso ukutani. Filomena hakuliona hilo, Jesca aliliona.

"Lile jicho likiwa jekundu ni Shetani anatoka," Sebastian aliuambia ukuta. "Baba alieleza. Ni siku chache tu. Ukienda kukatwa sasa hivi ndiyo unamkaribisha tena. Mama, pesa ipo, sikufichi. Ila hiyo ni pesa ya madhabahu. Siwezi kuitoa kwa ajili ya kutoamini."

Basi hapo Filomena alilia, akatukana, akaomba, akamtajia baba yake marehemu. Alisimama, akageuka huku na huku akimtafuta wa kumpiga, na kofi lake likapiga hewa. Sebastian alikuwa ameshasogea pembeni.

"Sawa," Filomena alisema akihema. "Sawa. Bi Mwanaasha ni Mwislamu, wala hanihusu, lakini atauza hata kitanda. Nakwenda kwake."

Akaanza kwenda. Kwa kule kugeukageuka alikuwa amepoteza uelekeo, akakutana na kabati, akaliacha, akapapasa ukuta kwa viganja viwili, juu na chini, akitafuta mlango. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi kabisa, na jua la mchana limeingia mpaka katikati ya chumba.

Jesca aliacha nguo, akainuka kwenda kumshika mkono.

"Mwache," Sebastian alisema. "Mama anaona."

Jesca alimtazama mumewe, akamtazama mkwewe aliyekuwa amefika pembeni ya chumba, anagonga ukuta kwa kiganja. Kisha akakaa chini, akachukua shati jeupe la ibada, akaanza kulikunja.